Bwawa la sato nyuma ya nyumba, Njombe: niliandaeje kabla ya kipupwe?

MkaziWaNjombe

Habari za majukumu wakuu. Naomba mwongozo wenu kabla baridi haijashika sawasawa.

Nina bwawa la udongo nyuma ya nyumba, hapa Njombe mjini, mita 10 kwa 15. Upande maji yanakoingilia kina ni sentimita 80, upande wa kutolea ni mita 1.2. Ndani kuna sato 450 hivi, wastani gramu 120 kila mmoja, na kambale 60 wa kupunguza vifaranga. Maji yanatoka kijitoni kwa bomba la inchi moja, yanaingia usiku na mchana, na yanayozidi yanamwagikia upande wa pili kwenda kwenye miparachichi. Ndoo ya lita 20 inajaa kwa sekunde 40. Chakula ni pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na dagaa, jumla kilo moja na nusu kwa siku: nusu saa 2 asubuhi, nusu saa 11 jioni. Kila Jumamosi natia ndoo mbili za samadi ya ng'ombe.

Sasa ni katikati ya Mei. Kipima joto kinasoma nyuzi 17 saa 12 asubuhi na nyuzi 20 alasiri. Maji ya kijito asubuhi ni nyuzi 13. Samaki wameanza kuacha chakula. Je, niendelee kulisha? Nifunike bwawa kwa nailoni, au niweke hita ya umeme? Kuna jirani anashauri nivue wote, nikaushe bwawa, nianze upya Septemba.

---

FundiMabwawa

Mkuu, kabla ya nailoni na kabla ya chakula, funga hilo bomba. Huko ndiko joto linakopotelea.

Fanya hesabu. Lita 20 kwa sekunde 40 ni lita 30 kwa dakika, yaani lita 43,200 kwa siku. Bwawa lako lina kama lita 150,000. Kwa hiyo kila siku unabadilisha zaidi ya robo ya maji, na ndani ya siku tatu na nusu umeingiza maji ya kulijaza bwawa zima. Maji yanayoingia yana nyuzi 13 na yanayotoka yana nyuzi 18 au 20, tena yanatokea juu, ambako ndiko kwenye maji yaliyopashwa na jua. Mwezi wa Mei jua linaweza kufidia. Julai haliwezi. Watu wengi wa Nyanda za Juu wanaamini maji yanayotembea ndiyo maji mazuri. Kwa trauti, samaki wa maji baridi, ni kweli. Kwa sato, ambaye ni samaki wa maji ya joto, bwawa la aina yako linatakiwa litulie.

Kinachohitajika ni kufidia maji yanayonywewa na udongo na yanayopanda hewani. Funga bomba siku tatu, chomeka mti wenye alama kando ya bwawa, uone maji yanashuka kiasi gani. Yakishuka sentimita moja kwa siku, hiyo ni lita 1,500, na bomba lako linazirudisha kwa dakika 50. Fungulia alasiri kati ya saa 8 na saa 10, baada ya maji kupita kwenye bomba lililolala juani. Kama yanashuka zaidi ya sentimita tatu kwa siku, una tuta linalovuja, na hilo ndilo la kuziba kwanza.

Pili, ongeza kina. Usiku bwawa hupoteza joto kupitia uso wake, na uso ni uleule liwe na kina cha nusu mita au mita moja. Bwawa la nusu mita hupoa karibu mara mbili ya lile la mita moja usiku huohuo. Tuta lako likiwa na nafasi, pandisha bomba la kutolea kwa sentimita 30, lakini acha tuta libaki angalau sentimita 30 juu ya maji. Na tangu sasa maji ya kutoka yachukuliwe chini: valisha bomba la kutolea ganda la bomba pana zaidi lenye matundu karibu na sakafu, ili yanayotoka yawe yale ya baridi na yenye uchafu.

Chakula: fuata kipima joto, usifuate kalenda. Sato hula na kukua vizuri kati ya nyuzi 26 na 30. Chini ya 20 hamu inashuka sana, kwenye 16 karibu wanaacha kabisa, na maji yakikaa kwenye 11 au 12 wanaanza kufa. Samaki wako jumla wana uzito wa kilo 54. Kilo moja na nusu ni karibu asilimia 3 ya uzito huo, kipimo cha maji ya joto. Kwa nyuzi 18 hadi 20 za alasiri shuka hadi asilimia 1, yaani gramu 500 hivi kwa siku, mlo mmoja tu, saa 8 mchana. Alasiri ikisoma 16 hadi 18, toa gramu 250 siku moja na kuruka siku moja. Chini ya 16 acha kabisa. Sato mwenye afya hafi kwa kukosa chakula wiki kadhaa katika baridi, kwa sababu mwili wake unatumia kidogo sana. Anachokufa nacho ni chakula alichokiacha kikaoza.

Mlo wa saa 2 asubuhi ondoa leo hii. Saa hiyo maji ndiyo yako kwenye ubaridi wa mwisho, samaki wamezubaa, na pumba zinazama. Tundika sinia au ungo wa kama sentimita 60 kwa 60, uzame sentimita 30 chini ya maji, weka chakula humo, uinue baada ya nusu saa. Kikibaki, kesho punguza nusu.

Hita isahau. Kupandisha lita 150,000 kwa nyuzi moja kunahitaji uniti 174 za Luku, na usiku unaofuata nyuzi hiyo imeshaondoka.

---

MwanaRungwe

Naunga mkono yote hapo juu. Naongeza jua na upepo, ambavyo havigharimu hela.

Kuanzia Mei hadi Agosti jua letu linapita upande wa kaskazini. Saa 6 mchana mwezi wa Juni, mti wa mita 10 hapa Njombe unatupa kivuli cha mita 6 na nusu kuelekea kusini, na asubuhi na jioni kirefu zaidi. Kwa hiyo simama katikati ya tuta, tazama kaskazini: mparachichi, mlingoti (mkaratusi) au migomba yoyote inayokinga maji kati ya saa 3 na saa 9, punguza matawi sasa. Mti ulio kusini mwa bwawa hauna madhara, uache. Afadhali hata uongeze, kwa sababu upepo baridi wa majira haya, kusi, unatoka kusini na kusini-mashariki, na upepo unaopita juu ya maji unayapoza kuliko hewa tulivu yenye ubaridi uleule. Matete yaliyopandwa kwa mstari mita 2 kutoka kwenye tuta yanatosha. Kwa mwaka huu, kama hujapanda, simamisha uzio wa mabua ya mahindi wenye urefu wa mita moja na nusu. Mabua mwezi huu yako kila shamba.

Kuhusu nailoni. Inafanya kazi, lakini lazima iwe ile angavu ya kitalu nyumba, yenye kinga ya jua, unene wa mikroni 200. Nailoni nyeusi na turubai zinazuia mwanga, mwani (vimea vidogo vya kijani vinavyotoa hewa majini) unakufa, hewa ya majini inakwisha. Ile nyepesi ya kawaida inapasuka kabla ya Agosti. Kosa lingine ni kuilaza juu ya maji. Hapo umeziba pua ya bwawa.

Kwa bwawa lako lote ungehitaji mstari wa nguzo katikati, kila baada ya mita 3, zikinyanyua paa mita 1.5 juu ya maji, kisha matao ya mianzi iliyopasuliwa kila baada ya mita moja, na nailoni ya mita 12 kwa 18 ili ipatikane ya kufukia pembeni. Ncha zote mbili ziwe na pazia: fungua saa 4 asubuhi, funga saa 10 jioni. Hapo unaweza kupata nyuzi mbili tatu za ziada.

Lakini nikuambie ninavyoona: kwa kilo 54 za samaki, nailoni ya mita za mraba 216 hailipi. Pesa hiyo itumie kwenye kibwawa kidogo cha mita 3 kwa 4 cha kutunzia wazazi na vifaranga. Hao ndio wanaostahili paa. Sato haatamii maji yakiwa chini ya nyuzi 20 au 22, kwa hiyo mwenye kibwawa kilichofunikwa anakuwa na vifaranga Septemba wakati wengine ndio kwanza wanatafuta. Na vifaranga wa kununua, tafadhali, usilete Juni wala Julai. Mfuko uliofungwa kwenye maji ya nyuzi 26 Kingolwira, Morogoro, ukimwagwa kwenye maji ya 16 hapa, wengi utawaokota asubuhi. Hata wa Ruhila, Songea, ambako ni karibu, subiri maji yako yafike 20, na uuache mfuko uelee majini nusu saa huku ukichanganya maji kidogokidogo.

---

MkaziWaNjombe

Shukrani sana wakuu. Nimefunga bomba tangu jana. Swali la nyongeza: wiki iliyopita nilikokota wavu ili niuze wakubwa. Leo nimeona sato watatu ukingoni, wazito, wana kitu cheupe kama pamba kwenye mkia na ubavuni. Muuza dawa za mifugo kaniambia nimwage chumvi magunia matatu bwawani, mwingine kasema chokaa. Nifanye lipi?

---

DaktariSamaki

Hiyo pamba ni ukungu wa majini, saprolegnia. Mbegu zake zimo katika karibu kila bwawa, muda wote. Haziwezi kumshika samaki mzima mwenye ute. Wavu ulikwangua ute na magamba, maji yalikuwa baridi, kinga ya mwili ya samaki imelala, na kidonda hakifungi. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya kipupwe ni hii: maji yakishuka chini ya nyuzi 18, usikokote wavu, usihamishe samaki, usipime uzito. Kuvua kwa kuuza kumalizike kabla Mei haijaisha. Ukihitaji mboga katikati ya baridi, tumia ndoana. Hiyo inamsumbua samaki mmoja tu.

Magunia matatu ya kilo 50 kwenye lita 150,000 ni gramu moja kwa lita. Kipimo chenyewe si kibaya kwa samaki, lakini umesema maji yako yanakwenda kwenye miparachichi. Parachichi ni miongoni mwa miti isiyovumilia chumvi kabisa: majani yataungua kuanzia nchani. Usimwage.

Fanya hivi. Wachukue kwa chandarua kidogo wale tu waliojitenga ukingoni, usiwafukuze wazima. Ndoo ya lita 20, maji ya bwawani yaleyale, gramu 200 za chumvi ya mawe isiyo na nyongeza, koroga hadi iyeyuke. Mweke samaki dakika 10, zisizidi 15. Akilala ubavu kabla ya hapo, mtoe. Msirudishe bwawani, mhifadhi kwenye pipa la lita 200 lenye chumvi gramu 600, ndani ya nyumba au jikoni ambako usiku hakuna umande, badilisha theluthi ya maji kila siku kwa maji yenye joto lilelile na chumvi ya kipimo kilekile. Rudia ndoo baada ya siku mbili. Pipa la ukubwa huo linabeba sato watano wa gramu 120, si zaidi, na chakula hawapewi. Aliyeoza mkia hadi mfupa, mtoe umzike mbali na maji. Aliyekufa akiachwa bwawani ndiye anayelisha ukungu.

Chokaa: swali la kwanza ni chokaa ipi. Chokaa ya moto na ile ya kupakia ukuta ni sumu katika bwawa lenye samaki, kwa sababu zinapandisha pH (kiwango cha alkali) ya maji ghafla, na pH ikipanda, amonia itokanayo na uchafu wa samaki, iliyokuwa haina madhara, inageuka kuwa sumu inayochoma matamvua, viungo vya samaki vya kupumulia. Chokaa ya kilimo ni salama, na udongo wetu mwekundu wa Njombe una tindikali, unaihitaji kweli. Ila haitibu ukungu. Wakati wake mzuri ni bwawa likiwa kavu, kilo 10 hadi 20 kwa kila mita 100 za mraba, yaani kilo 15 hadi 30 kwako.

---

Kinangop254

Hamjambo ndugu zangu. Hapa Nyandarua shida ni ile ile, na hewa ya majini sijaona ikiguswa vya kutosha.

Watu husema maji baridi hubeba oksijeni zaidi. Ni kweli, lakini huku juu hewa yenyewe ni nyepesi. Kwa mwinuko wa mita 2,000, maji ya nyuzi 18 yaliyoshiba hubeba kama miligramu 7 na nusu kwa lita, wakati pwani yangebeba zaidi ya 9. Sasa ongeza wiki nzima ya mawingu na ukungu wa Julai. Mwani hautengenezi oksijeni bila mwanga, unakufa, unazama, na kuoza kwake kunakula ile iliyobaki. Maji yaliyokuwa kijani yanageuka kahawia au kijivu kwa siku moja au mbili. Hiyo ndiyo asubuhi ya kuwahi bwawani.

Kwa hivyo samadi isimamishwe sasa. Kwenye nyuzi 16 haiozi kwa kasi ya kulisha mwani, inajirundika sakafuni ikingoja siku ya joto ioze yote kwa pamoja. Ingiza mkono majini hadi kiwiko: kiganja kikipotea kabla kiwiko hakijafika, maji ni mazito kupita kiasi, punguza sentimita 10 kutoka chini. Kiganja kikionekana hata baada ya kiwiko, hakuna cha kufanya, subiri joto.

Ukiona samaki wanatwetea juu ya maji alfajiri, hapo fungua lile bomba hata kama maji ni ya nyuzi 13, lakini yaangukie kwenye mawe au bati lililotobolewa, yamwagike kama mvua. Saa moja au mbili, kisha funga. Ubaridi kidogo wanaustahimili, kukosa hewa hawastahimili. Kambare hawatakuonya, wana kiungo cha kuvuta hewa ya juu. Mtazame sato.

Jambo jingine: samaki waliozubaa ni karamu ya mdiria, kongoti na fisi maji. Nyuzi za kamba zilizovutwa juu ya bwawa kila sentimita 40 huzuia ndege wakubwa. Fisi maji huhitaji uzio wa waya uliozikwa sentimita 30.

Na kwa wanaouliza kwa nini wasifuge trauti tu: trauti anataka maji ya nyuzi 10 hadi 18 yanayopita bila kukoma, yenye oksijeni nyingi, na chakula chenye protini nyingi kuliko cha sato. Kule Kiganjo, Nyeri, vifaranga wake huzalishwa kwa maji ya mto yanayotiririka daima. Katika bwawa dogo lililotulia kama hili hatastawi.

---

FundiMabwawa

Nimalizie swali la jirani, kukausha bwawa. Kama samaki wangekuwa na gramu 200 na zaidi, ningekubaliana naye: vua, uza, kausha Juni na Julai, tope lipasuke, tia chokaa ya kilimo, jaza mwishoni mwa Agosti, vifaranga Septemba au Oktoba. Huo ndio mpango ninaoupendekeza kwa mwakani: panda vifaranga Septemba, wawili hadi watatu kwa mita ya mraba, uvune Mei. Miezi tisa ya joto unaitumia yote, baridi linakuta bwawa tupu.

Kwa mwaka huu samaki wako ni wa gramu 120 na wamekwaruzwa na wavu. Kuwavua tena sasa kutaongeza vidonda, na bei ya samaki wadogo haitakufurahisha. Waache. Pima joto kila siku mara mbili, saa 12 asubuhi na saa 9 alasiri, juu na chini. Kwa chini tumia chupa ya nusu lita yenye jiwe ndani, kizibo kimefungwa kwa kamba yake: ishushe hadi sakafuni, vuta kizibo, subiri ijae, ipandishe haraka uisome. Tofauti ya juu na chini ikizidi nyuzi 3 alasiri na usiku ukaja wa baridi kali, maji ya juu yatazama na kuinua ya chini yasiyo na hewa. Asubuhi yake hakuna kulisha.

Agosti ikielekea mwisho, asubuhi tatu mfululizo zikisoma 18 na alasiri 20, anza na gramu 250, wiki inayofuata 500, ya tatu kilo moja. Usirudi kwenye kilo moja na nusu kwa siku moja, matumbo yao yamekaa matupu muda mrefu. Samadi ifuate baadaye, alasiri ikishafika 22.